Nasaka rekodi za babu aliyekwenda na Keya akapotelea Bama – mwenye kujua njia anielekeze

Mjukuu_wa_Kuze

Salaam aleikum jamaa, na kwa wengine wote masalkheri.

Bibi yetu mzaa mama alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Siku ya kugawa vitu vyake tukafungua lile kasha ambalo hakuwa akilifungua mbele ya watoto. Chini kabisa, chini ya leso na vifurushi vya udi, tukakuta kopo la biskuti. Ndani mna nishani tatu zimefungwa kwa kipande cha kanzu, picha ya kijana aliyevaa kofia pana ya kijeshi iliyokunjwa upande mmoja, na karatasi ambayo mende wameila nusu nzima.

Kijana huyo ni kakake bibi. Twamwita babu ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Hadithi ya nyumbani ni fupi: alikwenda na Keya, yaani lile jeshi la Mwingereza la KAR, akapigana Habeshi, Ethiopia ya leo, akarudi, akakaa kidogo, akaitwa tena, akaenda kufia Bama, Myanmar ya leo. Basi. Mama hajui zaidi ya hapo. Bibi mwenyewe ukimuuliza alikuwa akisema, "Alipanda meli ya Maismaili", kisha anakutuma dukani. Tulikuwa twacheka, hao ndugu zetu Waismaili wana meli tangu lini?

Kila mwaka akimsomea hitma, Mfungo Tano, mwezi kumi, yaani siku ya kumi ya Safar. Hata ule mwaka alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, ilisomwa.

Nataka kujua alifia wapi, lini, na kama ana kaburi. Nimeiandikia ofisi moja barua pepe mara mbili, mwezi wa nne huu sijajibiwa. Jamaa mmoja wa mtandaoni anasema atanitolea "faili kamili kutoka London" nikimtumia elfu kumi na tano. Jina kamili sitaliweka hapa, wazee wamekataa. La kwanza ni Hamisi, na mjini hapa akina Hamisi mwawajua walivyo wengi.

Bandarini

Huyo wa elfu kumi na tano usimpe hata ndururu. Vingi anavyouza vinatazamwa bure.

Nyota_ya_Likoni

Pole kwa bibi. Umejaribu makaburi ya Mbaraki? Kuna makaburi ya vita pale, yanatunzwa vizuri.

Mjukuu_wa_Kuze

Nilikwenda. Hayumo. Bawabu alinizungusha safu baada ya safu, Mungu amlipe.

Maalim_Tudor

Mwanangu, pole na msiba. Nimefundisha historia miaka mingi na nimewasaidia watu kadhaa katika haya, kwa hivyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Kwanza utoe fikra ya "faili kamili". Mwingereza aliyekuwa jeshini ana faili lake, na mafaili hayo kwa mamilioni yanahamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza kule Kew. Askari wetu aliandikishwa huku na karatasi zake zikabaki huku, na nyingi zikapotea huku huku. Unachoweza kukipata Kew ni shajara za vita, yaani daftari lililoandikwa kila siku na kila kikosi. Za Afrika Mashariki na Habeshi nyingi ziko katika mfululizo WO 169, na za Bama ziko WO 172. Lakini usitarajie kumkuta babu humo kwa jina. Afisa wa Kizungu akichubuka goti anatajwa kwa jina na cheo. Askari wakifa wanne, mara nyingi unakuta tu "askari wanne". Waliopewa nishani za ushujaa ndio wenye bahati, hao majina yao yako WO 373.

Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, uliza mafaili ya PC/Coast na DC/MSA. Ni barua za wakuu wa jimbo na wilaya: kuandikisha askari, pesa za kutumwa nyumbani, jamaa waliouliza habari za watoto wao. Wakati mwingine humo mna kitu kidogo kinachozidi faili zima. Ila jipangie siku kadhaa, usiende kwa basi la usiku ukidhani jioni utarudi.

La pili ndilo kubwa. Usianze na jina. Sisi wa pwani majina yetu yaliteswa sana na makarani. Mtu ni Hamisi bin fulani, karani wa bara anaandika Amisi, Khamis, Hamis, Amis. "Bin" inageuzwa "s/o", yaani son of, au inagandishwa na jina la baba, au inakuwa ndiyo jina la ukoo! Kabila nalo mtihani: Mdigo anaandikwa Mswahili, Mswahili anaandikwa Mwarabu, na aliyeandikishwa Voi anaandikwa Mtaita kwa kuwa foleni yote ilikuwa ya Wataita. Wengine walijitajia majina mengine kwa makusudi ili nyumbani wasijue wamekwenda jeshini. Ukianza na jina utazunguka kama punda wa kinu.

Anza na namba, kikosi na siku. Kwa hivyo niambie: hizo nishani zina maandishi gani? Na karatasi, herufi zilizobaki ni zipi, moja moja, hata zisizo na maana kwako?

Kofia_Nyekundu

Maalim yuko sawa. Babu yangu tulimtafuta Keya miaka mitatu, kumbe alikuwa nevi. Kulikuwa na kikosi cha wanamaji wa akiba cha Kenya, kilianzishwa hapa hapa Mombasa 1933. Nyumbani kila aliyevaa sare alikuwa Keya tu.

Mpita_Njia001

Samahani lakini haya yote ya nini? Walimpigania mfalme wa Uingereza, vita si vyao. Wakarudi bila shamba bila shilingi. Sasa wajukuu mnabembeleza Wazungu wawaonyeshe makaratasi.

Leso_ya_Kale

@Mpita_Njia001 mtu anamtafuta kakake bibi yake. Ungekuwa na wako ungejua.

Mjukuu_wa_Kuze

Maalim shikamoo, na shukrani. Jana nilikaa na binamu yangu, tukawasha taa ya simu na kuchukua miwani ya kukuzia ya mjomba fundi saa.

Nishani ya mviringo: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Na 1939–1945. Ukingoni sikuona jina.

Nyota mbili zina pembe sita kila moja, zimekuwa nyeusi kama sufuria ya pilau. Katikati mna taji na maandishi yanayozunguka. Tulisugua moja kidogo kwa ndimu, ikatoka "1939–1945". Ya pili hatukuisugua kwa kuwa mama alipiga kelele. Utepe wake ni wa rangi ya mchanga, una mstari mwekundu katikati na mistari miwili myembamba ya buluu, mmoja uliokoza na mmoja mwepesi.

Karatasi ni ya Kiingereza, ya taipu. Juu mna namba, tarakimu za mbele zimeliwa, nne za mwisho zinasomeka. Kisha "GNR". Kisha jina, ambalo limekatika. Kisha "E.A.A.", nami nikawa nadhani ni lile shirika la ndege la zamani la Afrika Mashariki, labda babu alikuwa mpishi wao. Chini kuna neno la Kiingereza la kusema mtu haonekani alipo, na "FEB 44". Ni hayo tu.

Maalim_Tudor

Marahaba mwanangu. Na msisugue tena! Ndimu inakula shaba. Mama yako ana akili kuwashinda.

Shirika la ndege lilianza 1946, kwa hivyo si lenyewe. GNR si sehemu ya jina, ni cheo: gunner, mpiga mzinga. Na E.A.A. ni East African Artillery, kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Babu yako hakuwa Keya alipopotea. Alikuwa wa mizinga.

Sasa nyota. Ile ya utepe wa mchanga si ya Bama. Ni Nyota ya Afrika: rangi ya mchanga ni jangwa, nyekundu ni jeshi la nchi kavu, buluu iliyokoza ni wanamaji, nyepesi ni ndege. Walipewa na waliopigana Habeshi na Somalia 1940 na 1941, kwa hivyo hapo hadithi ya nyumbani ni ya kweli. Nyota ya Bama utepe wake ni buluu iliyokoza, nyekundu pana katikati, na michirizi ya rangi ya chungwa. Je, kopo lina nyingine? Kasha mmelitazama lote?

Mjukuu_wa_Kuze

Lote, mpaka chini ya karatasi ya kutandikia. Hakuna. Labda ilipotea au iliuzwa?

Maalim_Tudor

Ingewezekana. Lakini tazama tarehe. Februari 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa bado Ceylon, Sri Lanka ya leo, inafanya mazoezi ya msituni. Iliingia bonde la Kabaw katikati ya mwaka ule, wakati wa mvua, na mpaka ifike Kalewa na kuvuka mto Chindwin ilikuwa Desemba. Mtu wa mizinga aliyepotea Februari hakupotelea Bama. Hakufika.

Bandarini

Jamani ngojeni. MELI YA MAISMAILI.

Baba yangu alikuwa kuli wa Kilindini na hadithi hii nimeisikia tangu mtoto. Si Maismaili! Ni Khedive Ismail! Meli ya Misri iliyochukuliwa kubeba askari, imeitwa kwa jina la mtawala wao wa zamani. Iliondoka hapa Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 pamoja na meli nyingine, zinakwenda Colombo.

Kofia_Nyekundu

Mwili umenisisimka.

Maalim_Tudor

Bandarini, Mungu akuweke. Nilikuwa nikiizunguka na sikuiona.

Mjukuu, kaa kitako kabla ya kusoma haya, na mama usimsomee mpaka uwe umeyasoma mwenyewe.

Meli ile ilikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote humo lilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga, East African Artillery, askari wetu na maafisa wao, 996 kwa pamoja. Walikuwamo pia wanamaji wa Kiingereza na wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokuwa chini ya sitaha hawakupata hata nafasi ya kuuliza kuna nini.

Lililofuata ni zito zaidi. Manowari ilijificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Meli za kivita Petard na Paladin zilikuwa na kazi ya kuiwinda, na Petard ikatupa mabomu ya majini wakati watu wamo majini. Manowari ikalazimika kuibuka na mwisho ikazamishwa. Wataalamu wa mambo ya bahari wanabishana mpaka leo kama nahodha alikuwa na njia nyingine. Mimi nimesoma hoja za pande zote mbili na sijaweza kumlaumu wala kumwachilia.

Walikufa 1,297. Walionusurika 214.

Wakati wa vita habari za meli kuzama hazikutangazwa ovyo. Nyumbani mtu anaambiwa haonekani alipo, basi. Na askari wengine waliopelekwa upande ule walikuwa wakienda Bama, kwa hivyo mtaa mzima ukamweka babu yako Bama.

Leso_ya_Kale

Inna lillahi.

Mjukuu, nina swali. Bibi alisoma hitma Mfungo Tano mwezi kumi. Nimehesabu nyuma kwa kalenda. Mfungo Tano wa mwaka ule, 1363 Hijria, uliandama kama tarehe 27 Januari 1944. Meli kuzama inaangukia mwezi 17, ongeza au punguza siku moja kwa sababu ya kuandama. Mwezi kumi ni kama tarehe 5 Februari.

Hiyo si siku ya kufa. Ni siku meli ilipong'oa nanga.

Mjukuu_wa_Kuze

Nimesoma hapa mara tatu sijui niandike nini. Nitarudi.

Babu_Kariakoo

Samahani kuingilia uzi. Na sisi wa vita vya kwanza je? Babu wa baba yangu alichukuliwa Kinango kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi. Hakuna nishani, hakuna karatasi.

Maalim_Tudor

Karibu ndugu yangu. Kwa askari wa vita vya kwanza kuna matumaini kidogo, kwa maana nishani zao za fedha huchongwa namba na jina ukingoni. Kwa wapagazi nakwambia kweli, ni vigumu. Walihesabiwa kwa vichwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuwekwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na sehemu kubwa ni wa Afrika Mashariki na Misri. Zile sanamu za askari pale Jomo Kenyatta Avenue tunazozipita kila siku na matatu zinawasifu wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mpagazi hata mmoja halimo. Andika ulichosikia kwa wazee wako, kijiji, chifu, mwaka wa njaa gani, uanze na hapo. Tufungue uzi wako mbali, nitakuja.

Mpita_Njia001

Maalim hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ila @Leso_ya_Kale, nisamehe kwa maneno yangu ya juu.

Leso_ya_Kale

Yamekwisha.

Maalim_Tudor

Mjukuu ukirudi: ingia tovuti ya tume hiyo, CWGC, ni bure. Usiandike jina. Sehemu ya tarehe ya kufa weka 12 Februari 1944, sehemu ya kikosi weka East African Artillery. Utapata mamia. Pitia moja moja ukitazama namba, si majina. Wale wasio na kaburi ila bahari wamechongwa kwenye East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road.

Mjukuu_wa_Kuze

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki mbili.

Usiku wa kwanza nilifika Hamisi wa saba nikakata tamaa, namba hazilingani. Nikakumbuka maneno ya Maalim, nikaacha kusoma majina, nikashika tarakimu nne tu kwenye kidole. Saa saba usiku nikamkuta. Ameandikwa Amisi, bila H, na "bin" imeshikana na jina la baba kama neno moja, ndiyo maana hata ningetafuta mwaka mzima kwa jina nisingempata. Gunner. 12 Februari 1944. Tarakimu nne za mwisho ni zile zile, na jina la baba ukilitenganisha na hiyo "bin" ni la babu mkuu.

Nilimwamsha mama. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza swali moja tu, kama walikuwa wengi. Nikamwambia mia nyingi. Akasema afadhali, hakuwa peke yake.

Jumamosi tulipanda treni, mama, shangazi na mimi. Rekodi inakupa na namba ya safu, kwa hivyo hatukuhangaika. Jina liko juu kidogo ya kimo cha mama, ilibidi nimwinue kiwiko auweke mkono. Alipitisha kidole kwenye A, akarudi, akapitisha tena, akasema, "Wamemla H yake." Shangazi akacheka mpaka akalia. Mlinzi wa pale aliniambia kosa la jina laweza kuandikiwa tume ukiwa na ushahidi. Nimeipiga picha ile karatasi pamoja na cheti cha kuzaliwa cha bibi chenye jina la baba yao, nitawapelekea wiki hii.

Njiani kurudi, karibu na Mtito Andei, mama alikumbuka kitu ambacho hakuwahi kutusimulia. Bibi alikuwa na miaka kumi. Alimsindikiza kakake mpaka karibu na lango la bandari, akanunuliwa kashata, akaambiwa rudi nyumbani kabla ya adhana. Karatasi ilikuja miezi baadaye, na hakuna aliyewatajia siku. Nadhani ndiyo maana alishika ile aliyoijua.

Sasa kuna mabishano nyumbani. Mjomba anasema tarehe tumeshaijua, hitma ihamie mwezi 17. Shangazi anasema mtu asiguse siku ya bibi. Mimi nimenyamaza, mimi ni mtoto.

Bandarini

Someni zote mbili. Mahamri yataliwa tu.

Mjukuu_wa_Kuze

Shangazi amesoma ulichoandika. Amesema mwezi kumi, Kuze, baada ya alasiri, na Bandarini ndiye ataleta mahamri.